Mfuko Mmoja Pungufu

Juu ya kila ekari ya mahindi inayolimwa Misungwi, Kwimba, Magu au Sengerema kuna zaidi ya tani 25,000 za nitrojeni. Ni nitrojeni ile ile iliyomo ndani ya mfuko wa urea, ile inayoligeuza jani la njano kuwa la kijani kibichi na kulijaza hindi punje hadi nchani. Imo katika hewa tunayovuta, kwani karibu asilimia 78 ya hewa ndiyo hiyo. Haina mwenyewe, haitozwi ushuru, haisubiri meli ishushe mzigo Dar es Salaam. Na chini yake kabisa amesimama mkulima anayeuza mbuzi ili akanunue kilo 23.

Ndiyo, kilo 23. Mfuko wa urea wa kilo 50 una asilimia 46 tu ya nitrojeni. Hata hizo haziliwi zote na mahindi. Mazao ya nafaka, duniani kote, huambulia chini ya nusu ya nitrojeni tunayoyamwagia. Sehemu hupaa hewani, hasa urea ikiachwa juu ya udongo jua likiwaka, na sehemu huteremka na maji ya mvua. Kwenye luseni, ule mchanga wa miinukoni uliojaa Usukuma yote, huteremka upesi zaidi. Kwa hiyo umelipia kilo 23, mahindi yako yamekula kama 10, na magunia 10 ya kilo 100 uliyoyapeleka sokoni yameondoka na takriban kilo 15. Mwaka hadi mwaka udongo ndio unaofidia pengo hilo, na udongo wetu umechoka kukopwa.

Ombi langu kwako ni moja, na naliomba kwa moyo wote. Msimu unaokuja, pima kipande cha shamba lako, ukiendeshe kwa bakteria, jamii ya kunde na samadi, halafu anza kupunguza mbolea ya dukani hatua kwa hatua, mfuko mmoja kwanza. Sikuombi uitupe. Nakuomba uache kuwa mtumwa wa bei yake.

Bei yenyewe unaikumbuka. Mwaka 2021 mbolea ilianza kupanda, na 2022 mfuko wa urea ulipita shilingi 100,000. Wengi walipanda bila kitu. Serikali ikaingiza ruzuku, ikazinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane mwaka huo huo wa 2022, wakulima wakaandikishwa na nafuu ikaonekana. Lakini jiulize kwa nini mfuko ulipanda. Urea hutokana na amonia, na amonia hutengenezwa kwa njia aliyoibuni Fritz Haber huko Ujerumani mwaka 1909, na kiwanda cha kwanza kikubwa cha njia hiyo kilianza kazi Oppau mwaka 1913. Nitrojeni ya hewani hulazimishwa kuungana na haidrojeni kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, na siku hizi haidrojeni hiyo kwa sehemu kubwa hutokana na gesi asilia. Gesi ikipanda bei, urea hupanda. Vita vikizuka karibu na mabomba ya gesi, au nchi mzalishaji ikiamua kuzuia mauzo yake nje, mkulima wa Usagara na wa Ngudu analipa. Hakuna kikao cha kijiji kinachoweza kubadili hilo.

Bakteria wa udongoni hawana habari na bei ya gesi. Kazi ile ile ya Oppau wao huifanya ndani ya mzizi, kwenye joto la kawaida la shamba. Wanaitwa rizobia. Wakikutana na mzizi wa mmea wa jamii ya kunde huingia, mmea ukawajengea vyumba, na vyumba hivyo ndivyo vinundu unavyoviona ukiing'oa karanga au choroko. Mmea huwalisha sukari, wao huulipa nitrojeni. Wakulima wa kale walijua kwamba nafaka hustawi palipotoka kunde, ila sababu ilijulikana mwaka 1886, pale Mjerumani Hermann Hellriegel alipowaeleza wanasayansi wenzake mjini Berlin kuwa siri imo kwenye vinundu. Miaka miwili baadaye Martinus Beijerinck wa Uholanzi akawatenga bakteria wenyewe. Karne ya 19 haikuisha kabla hawajaanza kuuzwa Ulaya kama bidhaa ya kuchanganya na mbegu. Anayekuambia mbolea hai ni jambo la majaribio lililoletwa jana, mjibu kwamba ilikuwa dukani kabla urea ya kiwandani haijazaliwa.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo penye utajiri.

Tazama majaruba yetu. Mpunga ukishavunwa, mvua za masika zikielekea ukingoni, udongo wa bondeni bado una unyevu. Mkulima wa Misungwi, wa Kwimba, wa Shinyanga huingia na dengu. Hapigi tuta jipya wala hasubiri mvua nyingine, na dengu hukomaa kwa unyevu uliobaki. Huu ni mfumo kamili wa nafaka na kunde, umejengwa na wakulima wenyewe. Kwa wengi wetu dengu ni fedha ya pembeni tu, zao la kuuza kwa mnunuzi wa kwenda India na kusahau. Laiti tungelitazama kama mashine ya nitrojeni iliyokaa katikati ya mpunga na mpunga! Dengu lina bakteria wake mahususi, si wale wa karanga. Wakiwapo udongoni, utaviona vinundu vimejaa. Wasipokuwapo, dengu litaishi kwa kunyonya kile kidogo kilichobaki, na msimu unaofuata mpunga utakuta meza tupu. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kung'oa mche wa dengu ukiwa na maua na kutazama mizizi yake?

Panda sasa kwenye miinuko, kwenye luseni. Hapa karanga, njugu mawe na kunde ndizo zilizokuwa zikiulinda mchanga usife kabisa. Mama zetu wamezilima miaka yote, mara nyingi kwenye vipande vidogo kandokando ya mahindi na mtama, na hakuna aliyewaita wataalamu wa rutuba. Walikuwa wataalamu. Ukihamisha karanga kutoka ukingoni na kuzipa zamu katikati ya shamba, mwaka huu karanga, mwaka ujao mahindi au uwele mahali pale pale, umefuata elimu waliyokuwa nayo siku zote. Habari njema ni kwamba karanga, kunde na choroko hupatana na bakteria wengi waliokwisha kuwamo katika udongo wetu wa Afrika, kwa hiyo mara nyingi hazihitaji pakiti yoyote. Zinahitaji nafasi, fosforasi kidogo, na masalia yake yarudi shambani.

Kila tani moja kavu ya sehemu za juu ya ardhi za mmea wa jamii ya kunde, punje zikiwemo, hubeba, kwa makadirio ya wastani, kama kilo 20 za nitrojeni iliyovunwa hewani. Karibu sawa na mfuko wa urea. Lakini sehemu kubwa huondoka na punje, na iliyobaki imo kwenye majani, mashina na mizizi. Sisi tunafanya nini na majani hayo? Tunayakusanya tukayachoma. Ule moshi wa Agosti na Septemba unaofunika vilima kuanzia Usagara hadi Magu ni mbolea yetu inayopaa. Kama ng'ombe ndio watakaokula masalia, na wale, huo ni mfumo wetu na ni mzuri. Basi samadi yao irudi pale pale ilikotoka.

Samadi! Usukuma ni nchi ya ng'ombe. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichopo Misungwi na leo kikiwa chini ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kimefanya majaribio ya samadi tangu enzi za ukoloni, pamba na nafaka zikiwa ndizo shahidi, na fundisho lake halijabadilika: samadi hupandisha mavuno, na nguvu yake huendelea kuonekana misimu kadhaa baada ya kuwekwa. Urea haina tabia hiyo, huisha na msimu wake. Hata hivyo pita vijijini utazame mazizi ya zamani. Marundo ya samadi yamekaa miaka, yamepigwa na jua na mvua mpaka yamebaki vumbi, huku mwenye zizi amesimama foleni dukani. Samadi ikiachwa wazi hupoteza nitrojeni yake. Ikirundikwa kivulini, ikafunikwa kwa nyasi au udongo, ikachanganywa na mkojo wa ng'ombe ulionyonywa na majani ya matandiko, hubaki na nguvu. Mkokoteni unao au wa jirani upo. Maksai wapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuamua kwamba mwezi wa Julai na Agosti, wakati wa ukavu, ndio wakati wa kubeba samadi, si wiki ya mvua ya kwanza wakati kila maksai yuko kwenye jembe.

Ndani ya samadi hiyo kuna faida nyingine isiyoonekana. Mizizi ya mahindi, mtama na uwele haiko peke yake udongoni. Huishi na kuvu wadogo wanaotandaza nyuzi zao mbali kuliko mizizi inavyoweza kufika na kuiletea fosforasi na maji. Udongo unaochomwa kila mwaka na kuachwa mtupu huwafukarisha kuvu hao. Udongo wenye samadi, wenye mmea juu yake muda mrefu, huwalea. Hii nayo ni mbolea hai, na imo shambani mwako bila malipo kama hutaiua.

Nije kwenye soya, kwa sababu hapa ndipo pakiti ya bakteria inapoonyesha nguvu zake waziwazi. Soya asili yake ni Asia, na udongo wetu mara nyingi hauna bakteria wake. Kaskazini mwa Tanzania, Profesa Patrick Ndakidemi na wenzake walijaribu bakteria wa soya na wale wa maharage, kila zao kwa wake, kwenye mashamba ya wakulima na kutoa matokeo yao mwaka 2006. Maharage yaliyochanganywa na bakteria yalizidi yale yasiyo na kitu kwa asilimia 60 hadi 78. Soya ilizidi mara mbili, na ilipoongezewa fosforasi ikapita mara tatu. Soma tena sentensi hiyo, mkulima wa Sengerema. Na sasa tazama ziwani: vizimba vya sato vinaongezeka mwaka hadi mwaka, na chakula cha samaki kinataka soya. Wafugaji wa kuku wa Ilemela na Nyamagana nao wanaitaka. Soko limekuja mpaka ufukweni, na zao lenyewe linaacha nitrojeni kwa mahindi ya msimu unaofuata.

Pakiti hizo si ndoto. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kiliwahi kutengeneza ya kwake, ikiitwa Nitrosua. Ng'ambo ya mpaka, Chuo Kikuu cha Nairobi kilibuni Biofix, na kampuni ya MEA ikaingia kuitengeneza na kuiuza. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009, uliwafikia wakulima wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Yaani elimu ipo, watu wapo, na wakulima wenzetu wameshaigusa kwa mikono yao.

Ukitaka kuona jambo hili linafika wapi watu wakilishikilia, tazama Brazili. Johanna Döbereiner, mwanamke aliyehamia huko kutoka Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili, alisimama imara miaka ya 1960 wakati nchi hiyo ilipokuwa ikipanga kilimo cha soya, akasema soya ya Brazili ichaguliwe na kulimwa kwa kutegemea bakteria badala ya mifuko ya nitrojeni. Leo Brazili ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa soya duniani, na mashamba yake ya soya huendeshwa karibu bila mbolea ya nitrojeni kabisa, ikiokoa mabilioni ya dola kila mwaka. Aliyemfuata katika njia hiyo, Mariangela Hungria, alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2025. Wataalamu hawa hawakuishia kwenye soya. Waligeukia nafaka zenyewe, na bakteria wengine wanaoitwa azospirila, ambao hawajengi vinundu bali huishi kwenye mizizi ya mahindi na kuichochea irefuke na kutawanyika. Kwenye mahindi ya Brazili, utafiti umeonyesha kuwa kwa msaada wao mkulima anaweza kupunguza robo ya mbolea ya kukuzia bila kupoteza mavuno. Robo! Tuidai kazi hiyo ifanyike Ukiriguru, kwenye luseni yetu na mvua zetu, matokeo yake yasomwe kwa Kiswahili na kwa Kisukuma mikutanoni.

Na hatuhitaji kuvuka bahari. Kwenye ufukwe wa ziwa hili hili, upande wa Kenya, pale Mbita, watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, wakiongozwa na Zeyaur Khan walianza miaka ya 1990 kupanda desmodi katikati ya mistari ya mahindi na majani ya malisho kuzunguka shamba. Desmodi ni jamii ya kunde. Huvuna nitrojeni, hufukuza kipekecha shina, na mizizi yake huizuia kiduha isishike mahindi. Mkulima wa Usukuma anayeijua kiduha, ile yenye maua mazuri ya zambarau na roho mbaya inayonyonya mtama na mahindi mpaka yananyauka, ataelewa uzito wa jambo hili. Kiduha hupenda udongo uliochoka. Na desmodi ikikatwa, ni lishe ya ng'ombe.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu shauku bila hesabu imewahi kuumiza watu. Mwaka 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea za viwandani kwa mkupuo mmoja, nchi nzima. Mavuno ya mpunga yakaanguka, chai ikaumia, na kabla mwaka haujaisha marufuku ikaanza kuondolewa. Bakteria na samadi huujenga udongo taratibu. Anayeondoa urea yote siku moja kwenye mchanga uliochoka atavuna njaa. Punguza kwa kipimo. Gawa ekari yako: upande mmoja endelea kama kawaida, upande wa pili weka samadi, panda mahindi pale palipotoka choroko au soya, kisha weka robo tatu ya mbolea ya kukuzia. Vuna kila upande peke yake, pima kwa debe, andika. Msimu wa pili, kama upande wa pili haukupungua, shuka tena hatua moja.

Jihadhari pia na matapeli. Kati ya mwaka 2009 na 2011 watafiti walizipima bidhaa nyingi zilizokuwa zikiuzwa Afrika kama mbolea za kibaiolojia na vichochezi vya mimea, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za majaribio, na nyingi hazikuonyesha faida yoyote. Bakteria wa jamii ya kunde walikuwa kati ya chache zilizothibitika. Kwa hiyo chupa yenye picha ya hindi kubwa na ahadi ya kutibu kila zao isikushawishi. Uliza kama imesajiliwa na TFRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea. Tazama tarehe ya kwisha muda. Tazama ni ya zao gani, kwa sababu bakteria wa soya hawafanyi kazi kwenye maharage.

Ukishaipata pakiti halali, kumbuka kuwa ndani yake kuna viumbe hai. Itunze kama unavyotunza samaki mbichi aliyetoka mwaloni: kivulini, mahali pa baridi, bila kuchelewa. Asubuhi ya kupanda, lowesha mbegu kidogo kwa maji yenye sukari au gundi inayokuja na pakiti, mimina unga wa bakteria kwa kipimo kilichoandikwa, geuza taratibu mpaka kila mbegu ivae koti jeusi. Fanya hivyo chini ya mti au ndani ya nyumba, kwa sababu jua huwaua bakteria. Usichanganye mbegu hiyo na mbolea ya dukani wala dawa ya kuua ukungu. Panda siku hiyo hiyo, udongo ukiwa na unyevu, na ufukie mara moja.

Fosforasi usiisahau. Bila hiyo vinundu vinadumaa, na pakiti utailaumu bure. Hapa nchini tuna mwamba wa fosfati wa Minjingu, mkoani Manyara, na mbolea zinazotengenezwa kutokana nao. Unga wa mwamba wenyewe hufanya kazi vizuri kwenye udongo wenye tindikali, na luseni nyingi ziko hivyo, hasa palipowekwa mbolea ya SA miaka mingi. Kwenye mbuga zenye chokaa huyeyuka kwa shida, hapo tumia TSP au DAP kidogo wakati wa kupanda. Ndiyo, kidogo cha dukani. Fosforasi haipatikani hewani, na kilo chache zake huwawezesha bakteria kukuvunia nitrojeni nyingi. Hiyo ndiyo fedha ya mbolea iliyotumika kwa akili.

Mimea ikianza kutoa maua, chimba michache kwa jembe, usiing'oe kwa nguvu vinundu visikatikie ardhini. Suuza mizizi, kata kinundu kwa wembe. Ndani yake ukikuta rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wako kazini. Ukikuta nyeupe au kijani, hawafanyi kazi, na lazima utafute sababu: pakiti iliyokufa, udongo usio na fosforasi, au zao lisilo lake. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukusomea shamba lako kwa wembe huo, na ningependa kila shule ya msingi yenye bustani, kuanzia Ukerewe hadi Sumve, iwafundishe watoto kufanya hivyo.

Kuhusu ziwa, tuseme kwa haki. Mkulima wa Mwanza hatumii mbolea nyingi kiasi cha kulichafua peke yake. Uchafu unaolisha mwani na magugu maji hutoka pia kwenye majitaka ya miji, moshi wa moto unaodondosha chembechembe majini, na udongo unaobebwa na mito kama Simiyu, ukienda na fosforasi yake. Lakini udongo huo ni wa nani? Ni wangu na wako. Kila shamba lenye samadi na mizizi, lisiloachwa tupu baada ya mavuno, linashika udongo wake. Tumeyaona magugu maji tangu miaka ya 1990, yakifunga mialo na kuzuia mitumbwi. Mvuvi wa Igombe na mkulima wa Magu wanakula ugali wa shamba lile lile na sato wa ziwa lile lile.

Kwa hiyo tuingie kazini, na tuingie kwa wingi. Wasukuma ndio walioigeuza kazi ya jembe kuwa ngoma. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilishindana kwa uchezaji mpaka vilima vikajaa watu, na wacheza bugobogobo hurusha majembe juu na kuyadaka kwa mdundo. Nguvu ile ya kushindana haijafa. Vikundi vishindane safari hii kwa mavuno ya kipande chenye mbolea pungufu. AMCOS, chama chenu cha ushirika, iagize pakiti za bakteria pamoja na mbegu, kwa sababu mwenye duka la pembejeo hataleta kitu asichoulizwa, na akiulizwa na wakulima 40 wiki moja ataleta. Kijana mwenye pikipiki na boksi la barafu la kubebea samaki anaweza kuwa msambazaji wa mbolea hai katika kata nzima. Afisa ugani, usisubiri semina: chuo cha kilimo cha MATI Ukiriguru na TARI viko Misungwi, nenda ukaulize kuna pakiti gani na mbegu gani za soya, dengu na choroko. Diwani, kipande cha majaribio kwenye kila kijiji hakihitaji bajeti ya mamilioni, kinahitaji robo ekari kando ya barabara ambapo kila anayekwenda mnadani atakiona. Na Agosti tukikutana kwenye viwanja vya Nane Nane vya Nyamhongolo, waje wakulima wenyewe na mizizi yao kwenye ndoo, wawaonyeshe wenzao vinundu, na waseme walivuna magunia mangapi kwa mifuko mingapi.

Mama unayelima karanga pembezoni, wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha hii. Dai katikati ya shamba. Mzee mwenye zizi, funika samadi yako leo jioni. Kijana uliyekwenda mjini Mwanza na kurudi na simu yenye intaneti, mtafutie baba yako bei ya pakiti na namba ya duka, kisha mpigie mahesabu ya mfuko mmoja: bei yake, nauli yake, kilo zake 23, na nusu inayopotea.

Mvua za vuli zikianza, kila mtu atakuwa mbioni na hakuna atakayekuwa na muda wa kupima. Kata kamba ya mita 10 wiki hii, nenda shambani na vigingi, chagua mahali palipotoka choroko au karanga, na pima kipande chako. Andika kwenye daftari tarehe, ukubwa, kilichopandwa pale mwaka jana na kiasi cha mbolea utakachoweka. Halafu mwambie jirani yako apime cha kwake, ili siku ya mavuno mpimane debe kwa debe.